Kabla ya Paris, Goma

Kwenye mzunguko mmoja wa barabara mjini Goma, mashariki mwa Kongo, kuna sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu. Ilizinduliwa mwaka 2009. Ukizoea sanamu za miji yetu utatafuta rais ama jenerali pale juu, na hutampata. Aliye pale ni mtu wa kawaida na chukudu yake, skuta ya mbao yenye magurudumu mawili na usukani uliopinda kama pembe za ng'ombe. Mji mzima uliamua kwamba huyo, mbeba viazi, ndiye wa kuwekwa juu.

Paris nayo ilikuwa na hadithi yake ya skuta. Tarehe 2 Aprili 2023 wakazi waliitwa kupiga kura kuhusu swali moja tu: skuta za umeme za kukodisha zibaki ama ziondoke? Waliojitokeza hawakufika asilimia 8 ya waliojiandikisha, lakini karibu asilimia 89 ya hao walisema ziondoke. Kufika 1 Septemba mwaka huohuo hazikuwepo.

Ukivitazama vyombo hivi viwili, ni ndugu. Kuna ubao, usukani, gurudumu la mbele na la nyuma, na mguu unaosukuma ardhi ili safari ianze. Mji mmoja umekijengea chombo hiki sanamu, mwingine umekifukuza kwa kura. Kwa nini?

Naandika haya nikiwa Chepsaita, upande wa Turbo, kijiji ambacho wengi wenu mnakijua kwa sababu ya mbio za nyika. Huku miguu ni mali. Mtu akipita mbio saa kumi na mbili asubuhi hakuna anayeuliza anafukuzwa na nani. Lakini ukishuka mjini Eldoret, miguu inageuka kuwa alama ya mfuko mtupu. Kuna mtaa unaitwa Maili Nne, kwenye barabara kuu ya kuja huku kwetu. Jina lenyewe ni umbali: maili nne, kama kilomita sita na nusu. Ukiwa unaishi pale na kazi iko katikati ya mji, uko kwenye ule umbali mbaya kuliko yote. Kutembea kwenda na kurudi kila siku ni mrefu. Kulipa nduthi kila siku ni ghali, manake mwisho wa mwezi ile nauli ni kodi ya nyumba. Umbali wa namna hii ndio uliozaa skuta, na si mara moja.

Mara ya kwanza: mtu wa Mannheim

Mwaka 1817, huko Mannheim, Ujerumani, bwana mmoja anaitwa Karl Drais alitoka nje na mashine ya mbao. Ilikuwa na magurudumu mawili, moja nyuma ya lingine, na usukani wa kugeuza lile la mbele. Haikuwa na pedali wala mnyororo. Ulikaa juu yake kama uko kwa farasi, halafu ukakimbia ukiwa umekaa. Leo tunaiita babu wa baiskeli, lakini ukiangalia namna ilivyosogea, mguu kusukuma ardhi na chombo kuteleza, ni babu wa skuta vilevile.

Vijana wenye pesa wa Ulaya waliipenda. Barabara za wakati huo zilikuwa za mawe na matope, kwa hivyo walipanda kwenye njia za waenda kwa miguu, palipo laini. Wenye njia walichoka haraka. Kufikia 1820 miji kadhaa, London na New York ikiwemo, ilikuwa imepiga marufuku kuiendesha pale. Ikanyimwa barabara na mashimo, ikanyimwa njia ya kando na sheria, na ikafa. Kumbuka hiyo sentensi. Itarudi.

Mara ya pili: mama wa London

Karibu miaka mia moja baadaye, 1915, kampuni iitwayo Autoped huko New York ilianza kuuza skuta ya kusimama yenye injini ndogo ya petroli juu ya gurudumu la mbele. Ukiusukuma usukani mbele, inaenda. Ukiuvuta nyuma, inafunga breki. Rahisi hivyo.

Picha yake maarufu zaidi ilipigwa London mwaka 1916. Anayeonekana ni Lady Florence Norman, mmoja wa wanawake waliopigania haki ya kupiga kura. Amesimama wima kwenye Autoped yake, kofia kichwani, koti refu, anaenda kazini. Mumewe, aliyekuwa mbunge, ndiye aliyemnunulia. Ilikuwa miaka miwili kabla ya wanawake wa Uingereza kuruhusiwa kupiga kura za ubunge, tena si wote, na wa chini ya miaka 30 hawakuwemo kabisa. Yaani mama huyu alikuwa na usafiri wake binafsi wa kwenda ofisini kabla ya kuwa na kura.

Nampenda Lady Norman kwenye hiyo picha. Lakini tuseme ukweli: mwanamke wa kiwanda cha London hakuwa na mume wa kumnunulia Autoped. Chombo kilibaki cha wachache, na wachache hao walikuwa na gari pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kilikuwa kimeacha kutengenezwa.

Mara ya tatu: Kivu

Sasa turudi nyumbani, ama karibu na nyumbani.

Chukudu haina cheti cha kuzaliwa. Hakuna Drais wake, na hakuna ofisi iliyomwandika fundi wa kwanza. Kinachojulikana ni kwamba ilianza kuonekana Kivu Kaskazini miaka ya 1970, enzi za Mobutu, na ukiangalia miaka hiyo utaelewa. Novemba 1973 serikali ya Zaire ilitangaza kuchukua biashara za wageni na kuzigawa kwa watu wake. Mwaka uliofuata bei ya shaba, mshipa wa uchumi wa nchi, ikaanguka. Pesa za kigeni zikakauka. Lori likiharibika, spea haiji. Barabara ikiharibika, hakuna anayeitengeneza.

Lakini udongo wa volkano wa Kivu haukujua habari za shaba. Viazi viliendelea kuota, na kabichi, na maharagwe. Vyakula viko mlimani, walaji wako mjini, lori hakuna. Umbali mbaya tena, safari hii ukiwa na gunia mgongoni.

Kwa hivyo mafundi wakachonga. Fremu ni ya mbao ngumu, mikaratusi hutumika sana. Magurudumu nayo ni ya mbao, yamevishwa ukanda wa mpira uliokatwa kwa tairi kuukuu la gari. Kwenye ubao unapigiliwa kipande cha mpira ama kandambili, mahali pa kuweka goti. Manake dereva wa chukudu hasimami kama Lady Norman. Anapiga goti moja juu ya ubao na mguu wa pili unasukuma ardhi. Nyuma kuna kipande kingine cha mpira juu ya gurudumu, na hiyo ndiyo breki. Kubwa zake hupita urefu wa mita mbili na hubeba kilo mia kadhaa. Jina lenyewe, wanasema, ni mlio wake ikipita kwenye mawe: chu-ku-du, chu-ku-du.

Njia yake inayojulikana zaidi ni ya Kibumba, kama kilomita 30 kaskazini mwa Goma. Kibumba iko juu, Goma iko chini kando ya Ziwa Kivu. Asubuhi dereva anapakia viazi, mkaa ama kabichi na kuachilia mteremko ufanye kazi. Petroli yake ni mlima. Akishusha mzigo anarudi akiisukuma kwa mikono, kilomita zilezile, kupanda. Hiyo sehemu ya pili huwa haiwekwi kwenye video za watalii.

Na hapa ndipo chukudu inapotengana na ndugu zake wa Ulaya. Autoped ilimpeleka mtu kazini. Chukudu ndiyo kazi yenyewe. Dereva akiamka asubuhi na kuisukuma nje ya mlango, tayari ameingia ofisini. Amelipa karo nayo, amenunua kiwanja nayo, ameoa nayo. Ikivunjika anaenda kwa fundi aliye umbali wa kutembea, fundi anakata mti uleule, na kesho yake iko barabarani.

Mara ya nne: soseji na mabilioni

Miaka ya 1990, huko Zurich, Uswisi, Wim Ouboter alitamani soseji. Kibanda alichokipenda kilikuwa mbali mno kwa kutembea na karibu mno kwa kutoa gari gereji. Maili Nne ya Zurich, kama unapenda. Akaunda skuta ndogo ya chuma inayokunjika. Majirani walimcheka, mtu mzima kwa kitu cha watoto, akaitupa pembeni, baadaye akairudia. Mwaka 2000 ilikuwa imesambaa duniani, Marekani ikiuzwa kwa jina Razor. Kilichotokea ni kile majirani walichotabiri: watoto waliichukua. Watu wazima wachache tu walibaki nayo kwenda nayo kwenye stesheni ya treni.

Halafu ikaja betri na simu janja. Septemba 2017, mjini Santa Monica, California, kampuni ya Bird ilimwaga skuta za umeme barabarani bila kuuliza mtu. Unafungua programu kwa simu, unapanda, unalipa kwa dakika, unaiacha popote. Mji uliishtaki kampuni hiyo kabla mwaka kwisha. Wawekezaji hawakujali: kabla 2018 kuisha kampuni ilihesabiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni moja. Mwaka huo skuta zikafika Paris pia. Tukaambiwa huo ndio mustakabali wa kwenda kazini.

Mustakabali ulidumu miaka mitano na kidogo. Septemba 2023 Paris ilikuwa imeziondoa. Desemba 2023 Bird iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Wakati huo chukudu ilikuwa na umri wa miaka hamsini hivi.

Nikizipanga hizi hadithi nne, jibu la swali la sanamu na kura linaanza kuonekana. Skuta ya Paris haikuwa ya anayeipanda. Ilikuwa ya kampuni, ikalala mbele ya mlango wa mtu mwingine, na ilipoharibika haikuwa na fundi wa mtaani wa kuilaumu ama kuipenda. Iliingia kwenye njia za kando zilizokuwa za wazee na mama wenye vigari vya watoto, makosa yaleyale ya 1820. Chukudu ilikuwa ya mwenyewe, ilitengenezwa na jirani, na ililisha mji. Watu hupigia kura kitu wanachokikanyaga. Kitu kinachowaletea chakula hukijengea sanamu.

Na sisi?

Kenya haijawahi kuwa nchi ya skuta. Lakini tulikuwa na kitu cha ukoo huo, na tulikiacha kwa namna inayofaa kukumbukwa.

Boda boda ilianza kama baiskeli kule Busia, mpakani na Uganda. Kati ya kituo cha nchi moja na cha nchi ya pili kulikuwa na kipande cha barabara ambacho magari ya abiria hayakuvuka, na watu walikuwa na mizigo. Mwenye baiskeli akaweka kiti nyuma na kuita abiria kwa kupaza sauti jina la mpaka kwa Kiingereza. Umbali mbaya, suluhisho la mtaani. Baiskeli zikaenea magharibi yote ya nchi.

Halafu mwaka 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ya chini ya sisi 250. Mstari mmoja kwenye bajeti. Ndani ya miaka michache pikipiki zilijaa kila stej, na baiskeli za abiria zikatoweka mjini. Silaumu. Pikipiki imewapa vijana wengi kazi, na mama mjamzito wa kijijini amefika hospitali usiku juu yake. Lakini tusijidanganye kwamba ilishinda kwa sababu watu walikaa chini wakalinganisha vyombo. Kimoja kilipunguziwa bei na kingine kikaachwa kipambane na matope.

Chombo huchaguliwa na barabara, na barabara huchaguliwa na bajeti. Skuta ya mguu inahitaji ardhi laini kuliko chombo chochote. Hii ni fizikia tu. Gurudumu la Razor linaenea kwenye kiganja cha mkono, kwa hivyo shimo ambalo pikipiki inaliruka, lenyewe linaingia likakaa. Za watu wazima zina gurudumu la kama sentimita 20, zinajitahidi, lakini changarawe iliyolegea bado inazishinda. Chukudu inaishi Goma kwa sababu gurudumu lake ni kubwa, mwili wake ni mzito, na mteremko uko upande wake. Uasin Gishu ni tambarare ya juu, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa skuta, tambarare ni baraka. Shida yetu ni ngozi ya hiyo ardhi: udongo mwekundu ambao kutoka Aprili hadi Agosti unakuwa uji.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, la tano Kenya. Mahali palipoanza kama posta kwenye Shamba namba 64 mwaka 1910, ambapo wazee bado wanapaita Sisibo, palipopata reli mwaka 1924, sasa ni jiji. Tulisherehekea. Ila nenda utembee ile asubuhi ya saa kumi na mbili na nusu, watu wanapoingia kutoka Langas, Huruma na Maili Nne. Wengi wako kwa miguu. Wanatembea kwenye kabro nzuri, halafu kabro inakwisha bila kuaga na wanaingia kwenye mtaro. Mbele kidogo kuna njia tena, lakini pikipiki zimeegeshwa juu yake, ama mtu ametandaza viatu vya mitumba. Hapo mwenye kiti cha magurudumu anapita vipi? Mama na kigari cha mtoto je? Njia iliyomfaa mwenye skuta ingewafaa hao kwanza.

Nairobi iliandika sera ya usafiri usio wa injini mwaka 2015, ikiahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembeaji na waendesha baiskeli. Ukitembea Nairobi leo unaweza kukadiria mwenyewe hiyo asilimia ilienda wapi. Ahadi ya karatasi ni kama Autoped, inapendeza kwenye picha.

Kuna pia suala la aibu, na hili ni letu sisi vijana. Mtu mzima kwa skuta ndani ya Eldoret? Utachekwa kutoka stej hadi stej. Lakini hebu fikiria tunachocheka. Majirani wa Ouboter walicheka pia. Goma hakuna anayemcheka dereva wa chukudu. Aibu inakwisha siku chombo kinapoonekana kinalipa kodi ya nyumba.

Sitaki kuipamba Goma. Chukudu ilizaliwa na shida, na shida haijaisha. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava hadi katikati ya mji na kuingia ziwani, watu wakajenga upya juu ya lile jiwe jeusi. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji. Kwenye picha za watu wa Kivu wakikimbia vita, mwaka baada ya mwaka, chukudu zimo: godoro, madumu ya maji, mtoto juu kabisa. Goti linaumia, breki ya mpira inateleza mvua ikinyesha, na anayepandisha kilo zake kurudi Kibumba angependa lori kama lingekuwepo. Hakuna serikali inayofaa kuwatazama watu hao na kusema, mmeona, wanajiweza.

Hilo ndilo ninaloogopa kwetu. Kwamba mtu asome kuhusu chukudu aseme mwananchi ni mbunifu, basi barabara ingoje. Watu wa Kivu walibuni kwa sababu waliachwa. Sisi tuna hati ya jiji, tuna bajeti ya kaunti, tuna vikao vya umma ambapo bajeti hiyo inasomwa na ambavyo watu wa rika letu hawaendi. Swali la kuuliza pale ni dogo na lina vipimo: kutoka Maili Nne hadi katikati ya mji, ni mita ngapi za njia ya kando zilizo laini, bila kukatika, ambazo mtu anaweza kupita bila kuingia kwa lami na malori ya Malaba? Wakijibu, waandike nambari. Mwaka ujao tuwaulize tena, tulinganishe.